Andika kidogo, andika kweli, chunga majina

Mazungumzo ya mwalimu mumoja mbele ya wanamemba wa chama, komine ya Bungulu, muji wa Beni. Komite iliomba maneno haya yatiwe mu barua yetu ya habari kwa faida ya wale ambao hawakufika.



Komite iliniomba niseme juu ya kuandika. Siyo kuandika kwa mitihani ya shule. Ni kuandika kwa mutu ambaye anataka kuacha habari yake, ao ya jamaa yake, ao ya kijiji alichokimbia na sasa amerudia. Mara mingi wanamemba wananifikia na kusema: "Mwalimu, mimi niko na kitabu mu kichwa." Ninawajibu: vizuri, lakini kichwa kinazeeka, na kaye inabaki. Tuanze na kaye.

Juu gani tuandike

Tunajua sisi wote ginsi tulivyoishi. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza katika eneo letu la Beni, watu wa Eringeti, wa Oicha, wa Mbau, wa Kamango, na hata wa kartie za hapa mujini, wamehama, wamerudi, wamehama tena. Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, kule Mangina, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, na watu zaidi ya 2.200 wakafa. Haya yote yameandikwa na wengine: waandishi wa habari, mashirika, waganga. Wanahesabu watu, na ni vizuri wahesabu. Lakini hesabu haisemi nani alikuwa fundi wa viatu, nani alikuwa anaimbisha kwaya, na mupaka wa shamba la muzee ulipita ku muti gani.

Hiyo ya mupaka siyo mufano wa kuchekesha. Mutu anarudi ku kijiji kisha miaka mitano, anakuta mwingine analima shamba lake la kakao. Wazee waliojua mupaka wamekufa. Karatasi iliungua pamoja na nyumba. Hapo njo kaye inakuwa na kazi. Ukiandika leo, wakati mashahidi wangali wazima, kwamba shamba linaanzia ku kijito, linapanda mupaka ku muti wa avoka, jirani wa juu ni fulani, jirani wa chini ni fulani, na majirani hao wawili wakatia saini, umewasaidia watoto wako kuliko kuwaachia maneno matupu. Andika hiyo mbele ya kuandika riwaya.

Tena, sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022 ilisema kwamba watu walioumizwa katika vita wana haki ya kulindwa na kulipwa fidia, na serikali ikaunda mufuko wa FONAREV kwa kazi hiyo. Mimi sisemi kaye itakupa franga. Ninasema tu kwamba mutu mwenye kuwa na tarehe zake na majina ya watu wake kwa mustari anajibu maulizo bila kutikisika, hata akiulizwa mara tatu.

Walioandika mbele yetu

Wengine wanasema: "Kuandika ni kazi ya ma-profesa." Nisikilizeni vizuri hapa.

Mwaka 1965, kule Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi, kulikuwa chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu, wale waliitwa ma-boy. Chama kama hiki chetu. Mwenzao André Yav akaandika kitabu kidogo juu ya historia ya muji na ya Kongo, ginsi wao wenyewe walivyoiona. Akaandika kwa Kiswahili cha kule, kile cha kila siku, vile watu wanaongea. Hakungoja mutu amusahihishie lugha. Mwaka 1990 profesa Johannes Fabian akakitoa kwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kingereza, na mupaka leo wanafunzi wa historia inchi mbalimbali wanakisoma. Ma-profesa wengi wa wakati ule wamesahauliwa. Wapishi na wafua-nguo hawakusahauliwa, juu waliandika.

Shaaban Robert wa Tanga, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua jina lake, alizaliwa mwaka 1909 na akafa mwaka 1962. Hakuwa profesa. Alikuwa karani wa serikali, miaka mingi ku kazi ya duane. Aliandika nje ya saa za kazi, na akaandika pia maisha yake yeye mwenyewe.

Na Abdulrazak Gurnah, mutoto wa Zanzibar, alikimbia kwao akiwa kijana kisha mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987, karibu miaka makumi mbili kisha kuondoka. Mwaka 2021 akapewa zawadi ya Nobel. Vijana, angalieni vizuri hiyo hesabu ya miaka. Mutu aliyekimbia anaweza kuandika, lakini haraka siyo lazima.

Saa ya kuandika inatoka wapi

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Neno la kwanza ninalosikia ni: "Sina wakati." Ni kweli. Asubuhi shamba, ao soko ya Kilokwa. Mangaribi kupika, watoto, maji. Siku ya salongo nayo iko. Kwa hiyo musitafute siku nzima ya kuandika, hamutaipata. Tafuteni robo saa.

Robo saa, fasi moja, saa moja, siku tatu kwa juma. Mama mwenye kuuza ku soko anaweza kuandika asubuhi mbele wanunuzi hawajafika. Mukulima anaweza kuandika kisha chakula, mbele ya kulala, kama taa iko. Mutu akijaza kurasa mbili za kaye kwa juma, kisha majuma 50 ako na kurasa 100. Hiyo ni mwaka moja. Hakuna siku hata moja aliyochoka juu ya kuandika.

Neno la pili: simama wakati ungali unajua kitu kitakachofuata. Kama habari inatiririka na robo saa imeisha, andika maneno matatu ya kukukumbusha, funga kaye. Kesho yake hutaketi mbele ya ukurasa mweupe ukijikuna kichwa.

Neno la tatu: usianze na "nilizaliwa mwaka fulani". Wengi wanaanza hapo, wanachoka mbele hawajafika ku shule ya musingi. Anza na kitu kimoja unachokiona wazi: siku moja, nyumba moja, mutu mumoja, safari moja. Ukurasa moja ukiisha, umemaliza kitu. Kisha andika kingine. Kupanga ni kwa mwisho. Mwenye kujenga nyumba ya matofali anachoma matofali kwanza.

Ginsi ya kukumbuka tarehe

Mutu akiulizwa "ilikuwa siku gani?" anasema "zamani kidogo". Musimufokee. Mumupe muti wa kufungia kamba. Ulizeni: ilikuwa mbele ya Ebola ao nyuma? Mbele ya état de siège, ile ilianza hapa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa 5 mwaka 2021, ao nyuma? Kakao ilikuwa imevunwa? Mvua ilikuwa inanyesha? Mutoto gani alikuwa bado anabebwa ku mugongo? Mutoto huyo leo ako na miaka ngapi? Kwa njia hiyo mama ambaye hakusoma anafika ku mwezi wenyewe, na anafika yeye mwenyewe, bila kutiliwa maneno mu kinywa.

Kama tarehe haionekani, andika "karibu na". Usitunge tarehe ili ukurasa ukuwe muzuri. Siku moja itakutana na tarehe ya mutu mwingine, na watu watasema mulidanganya yote.

Andika kitu, acha kilio

Nitawapa mufano. Huu ni wa kufundishia, siyo habari ya mutu. Mutu anaandika:

"Tuliteseka sana sana kwa sababu ya vita, na maisha yalikuwa magumu kabisa."

Ni kweli, lakini kila mutu katika nyumba hii anaweza kuandika hayo. Musomaji haoni kitu. Sasa tumwombe aandike alichoona:

"Tulilala mu darasa, jamaa ine, miezi mbili. Tulitandika kikwembe kimoja juu ya saruji. Kila asubuhi tulipaswa kutoa vitu vyetu vyote inje mbele wanafunzi hawajaingia, na mutoto wangu mwenye miaka tisa alikuwa anaona haya, juu alikuwa anasoma mu darasa ile ile."

Hapa hakuna neno "teseka". Lakini umeona. Kwa hiyo tuna sheria ndogo: kila mara unapoandika "sana", simama, ujiulize, ni kiasi gani? Kila mara unapoandika "magumu", jiulize, ugumu gani? Njaa? Deni? Matusi ya mwenye nyumba? Andika hiyo.

Na musiache vitu vya furaha. Kukimbia kulikuwa na ndoa ndani yake, na watoto walizaliwa, na watu walicheka. Ukiandika machozi tu, wajukuu watafikiri hamukuwa watu, mulikuwa wakimbizi tu.

Lugha gani?

Andika kwa lugha ambayo unagombana nayo mu nyumba. Kama ni Kinande, Kinande. Kama ni Kiswahili chetu hiki cha hapa, kikuwe hicho. Kifaransa kinaweza kuja nyuma, mutu anaweza kutafsiri. Lakini ukianza na Kifaransa usichokimiliki vizuri, utaandika vile unavyoweza, siyo vile ilivyokuwa. Hayo mambo mawili hayafanani.

Na wale hawajui kuandika wasiseme haiwahusu. Mama aseme, mujukuu aandike. Kijana, ukiandikia bibi yako, andika maneno yake, siyo maneno yako ya shule. Kisha umusomee kwa sauti, ukurasa wote. Akisema "hapo siyo vile", futa. Habari ni yake. Telefoni yenye kurekodi inasaidia, lakini mwombe ruhusa kwanza, na ukiisha kuandika mukubaliane kama sauti inabaki ao inafutwa.

Chunga majina

Sasa nafika ku neno kubwa la leo. Tafazali, vijana wenye kutazama telefoni, nipeni masikio.

Karatasi haina mulinzi. Kitu ulichoandika kwa moyo safi kinaweza kufika mu mikono ambayo hukuitazamia. Kwetu hapa jina moja mu karatasi linaweza kuua mutu, ao kuvunja ndoa, ao kufukuza mutoto ku shule. Kwa hiyo tufuate mambo haya.

Moja. Tenga mambo matatu: niliyoona, niliyosikia ku mutu aliyeona, na yale watu wanasema. Tia alama pembeni ya kaye: herufi O kwa niliona, S kwa nilisikia, W kwa wanasema. Wakati wa Ebola tuliona vile neno la "wanasema" lilivyotembea mbio kuliko gari, na watu wakakataa kuenda ku matibabu, na waganga wakatupiwa mawe. W isiandikwe kamwe kama O.

Mbili. Usiandike jina la mutu kwamba ni muuaji ao kwamba anawasaidia wauaji, kama hukuona kwa macho yako. Na kama uliona, hiyo siyo ya gazeti wala ya WhatsApp. Ni ya sheria, peleka kwa mutu wa sheria unayemwamini. Usiandike pia kwamba kabila fulani yote ni vile. Kabila haikuchoma nyumba. Watu walichoma. Tuko tunaishi pamoja na jirani ambao walibaki na jirani ambao walirudi, na maandiko yetu yasikuwe kiberiti.

Tatu. Mama ao binti aliyetendewa mabaya ku mwili, jina lake haliandikwi, jina la kijiji chake haliandikwi, wala jina la mume wake, wala hesabu ya watoto wake ikiwa hesabu hiyo inamufanya ajulikane. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Mu kijiji cha nyumba makumi tatu, kila mutu atajua. Na hata yeye akikubali leo, muulize tena kisha juma moja. Ako na haki ya kusema hapana, na hakuna mutu wa kumuuliza juu gani.

Ine. Usiandike fasi ambapo watu wanajificha sasa, njia wanayopita sasa, ao saa wanayoenda mashamba. Habari ya zamani ni historia. Habari ya leo inaweza kuwa mutego.

Ku wasaidizi wetu

Hapa niwageukie wasaidizi wetu, kwa heshima yote. Munapenda habari za watu, tunaelewa. Wale waliotoa pesa kule kwenu wanataka kuona uso. Lakini musimwombe mama mumoja aeleze habari ileile kwa kila mugeni anayeshuka ku gari. Kila mara anapoeleza, hapati usingizi siku kadhaa. Kama aliisha kuandika ukurasa wake na akakubali usomwe, someni huo, mumwache auze ndizi zake.

Na musituombe mwisho muzuri kwa kila habari. Kuna mutu aliyepewa mbuzi na mbuzi akazaa. Kuna mwingine, mbuzi wake alikufa. Tukiandika wa kwanza peke yake, hamutajua ginsi ya kusaidia wa pili.

Sisi nasi tuna deni kwenu. Sekretere wetu anapoandika raporo, asiandike "wanamemba wengi walifurahi sana". Aandike: majembe yalifika ngapi, yaligawiwa kwa nani, yalibaki ngapi, yako wapi, na franga zilizobaki ni ngapi. Kama kitu kilipotea, aandike kilipotea. Raporo yenye kusema ukweli inasomwa mara moja. Yenye kuficha inasomwa mara tatu, na ku mara ya tatu wanatafuta mwizi.

Kusahihisha na kuweka

Ukimaliza ukurasa, uache ulale juma moja. Kisha usome kwa sauti. Fasi unapokosa pumzi, mustari ni murefu, ukate. Fasi unapoona haya, angalia vizuri: ao unadanganya, ao umefika ku kitu cha kweli. Mara mingi mistari mitano ya kwanza ni ya kupasha moto tu. Jaribu kuitoa uone kama habari inasimama bila hiyo.

Kisha mupe mutu mumoja asome. Usimuulize "ni nzuri?", juu atasema "nzuri sana" na hutajua kitu. Muulize "fasi gani hukuelewa?" na "fasi gani ulichoka?"

Kwa kuweka: kaye ndani ya mufuko wa plastiki wenye kufungwa, mbali na ardhi, juu ya mvua na panya. Na kila ukurasa ukuwe na mwenzake fasi ingine. Nakili kwa mukono, ao piga foto na umutumie mutu mumoja tu unayemwamini, anayeishi mbali na wewe: Butembo, Goma, Kampala, popote. Sisi tunajua kwamba nyumba inaweza kuungua. Isiungue na habari yote. Lakini kurasa zenye majina ya hatari, hizo zisitumwe kwa telefoni hata kidogo.

Kazi ya nyumbani

Mwalimu hawezi kuondoka bila kutoa kazi. Ku mukutano ujao, kila mwenye kupenda alete ukurasa moja, usipite moja, juu ya ulizo hili: siku ya kukimbia ulibeba kitu gani, na uliacha kitu gani ambacho mupaka leo unakitafuta kwa macho? Usieleze vita. Eleza kitu: sufuria, foto, karte, mufuko wa mbegu, funguo ya nyumba ambayo haipo tena. Kilikuwa cha rangi gani, nani alikununulia, sasa kiko wapi.

Wasiojua kuandika waje na mujukuu. Tutasoma kwa sauti wale watakaokubali, na wale hawatapenda tutaweka kurasa zao bila kusoma. Komite imekubali kutoa kaye moja na biki moja kwa kila mwenye kuleta ukurasa wa kwanza. Wa pili, mutajinunulia wenyewe.